Kodi ya miezi sita inamfungia mlango anayetafuta kazi

Tuchukulie chumba kimoja Namanyere, tofali za kuchoma, bati, umeme wa kuchangia na choo cha nje, kodi shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa bei hiyo hakuna atakayelalamika. Lakini hakuna atakayekabidhiwa ufunguo kwa 30,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 180,000. Dalali anataka yake, kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi ameshachukua hela ya kuonyesha vyumba hata kama hakuna kilichopatikana. Mgeni ametoa 210,000 na bado hajanunua godoro wala ndoo.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda. Kwa kipimo hicho, hata mwenye ajira angehitaji mshahara wa karibu mwezi mmoja na nusu, bila kula, ili apate pa kulala. Asiye na ajira yoyote anaambiwa nini? Anaambiwa arudi akiwa na hela.

Na wanaokuja ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 1 na ushee mkoani Rukwa. Ya mwaka 2022 ikakuta wamezidi milioni 1.5. Lami ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda imefanya safari iliyokuwa ikiogopwa na madereva wakati wa masika iwe ya kawaida. Namanyere ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Nkasi: hapo ndipo zilipo ofisi za halmashauri, na hapo ndipo wengi hupitia wakielekea Kirando na Kabwe kwa mambo ya samaki na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Fundi uashi, dada wa saluni, dereva wa bodaboda, mwalimu wa kujitolea anayesubiri ajira ya serikali, wote wanatafuta chumba kilekile kimoja.

Huyo mwalimu anastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza nafasi 9,800 za ualimu na 7,612 za afya, waombaji walizidi 165,000. Waliobaki nje hawakuyeyuka. Wapo waliokubali kufundisha kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, katika shule zenye upungufu wa walimu, wakiamini kwamba uzoefu huo utawasaidia siku moja. Kijana wa namna hii anafika mji asiokuwa na shangazi wala mjomba. Usiku wa kwanza analala gesti, wa pili gesti, na kila asubuhi akiba ya chumba inapungua. Wiki ikiisha anaomba hifadhi kwa mwenzake, wanalala wawili kwenye godoro la futi tatu na nusu. Akichoka anapanda basi kurudi kwao, na darasa la hisabati linabaki bila mwalimu. Hasara hiyo ni ya wilaya nzima.

Ni rahisi kumwita mwenye nyumba mchoyo, lakini tungekuwa tunamwonea. Wenye nyumba wengi wa miji midogo ya Ufipa, nchi hii ya Wafipa mkoani Rukwa, si matajiri. Ni mkulima wa mahindi na maharage aliyejenga vyumba vinne uani, au mama mjane aliyeachiwa nyumba na watoto. Kwake fedha ya mkupuo ndiyo benki. Msimu wa kilimo unapoanza Novemba anatakiwa kununua mbolea na mbegu; Januari kuna mahitaji ya shule; chumba cha tano bado hakijapauliwa. Elfu thelathini ya kila mwezi ikija inaishia kwenye sukari na sabuni, wala hailetwi siku moja. Tena anao ushahidi wake: mpangaji aliyehama usiku akiacha deni la miezi mitatu na bili ya maji. Mtu aliyekwisha kuumwa hivyo atadai kwanza, ataamini baadaye.

Hofu yake ni ya kweli. Tunachopinga ni dawa aliyoichagua, kwa sababu haimchuji mpangaji mbaya. Inamchuja mpangaji asiye na mtaji. Mlaghai mwenye laki mbili mfukoni anapita, na mtu mwadilifu mwenye elfu arobaini na mikono ya kufanya kazi anakwama getini.

Sheria nayo imewaacha wote wawili wapatane wenyewe. Tanzania iliwahi kuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza wapangaji na wenye nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Leo mgogoro wa pango unaanzia usuluhishi wa baraza la kata, na ukishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo inamsaidia mtu ambaye tayari ana chumba na mkataba. Anayetembea kutafuta hana pa kushitaki, maana hajavunjiwa mkataba wowote.

Hata mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi moja iliyochapwa stesheneri, ina jina, kiasi, tarehe na sahihi mbili. Haisemi nani analipa kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye Luku. Ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Pale vyumba vinne vinapotumia mita moja, ugomvi huzuka mara tu mmoja anapoingiza zile tarakimu 20 na kukuta uniti zimepungua. Mpangaji asiye na kazi, anayeshinda nyumbani mchana, ndiye wa kwanza kushutumiwa kwamba anamaliza umeme.

Wapo wanaodhani sheria mpya pekee itatosha. Ghana ina sheria ya mwaka 1963 inayokataza kudai kodi ya zaidi ya miezi sita kwa mpangaji mpya, na bado jijini Accra wenye nyumba hudai ya mwaka au miwili. Jirani zetu wa Nairobi wamezoea utaratibu mwingine: kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja, kisha mtu analipa kila mwezi. Kenya nayo ina matatizo yake ya pango, lakini mtu anayeanza maisha pale hatoi kodi ya nusu mwaka kabla ya kufungua begi. Kinachofanya kazi ni mazoea yanayomlinda mwenye nyumba kwa njia nyingine, na sheria ikaja kuyashikilia.

Namanyere inaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Wenyeviti wa vitongoji waliochaguliwa Novemba 27, 2024 tayari wanaandika barua za utambulisho na kugonga mihuri. Barua hiyo iambatane na jina la mdhamini: mkuu wa shule kwa mwalimu wa kujitolea, fundi mkuu kwa kibarua wake, kiongozi wa kijiwe kwa dereva wa bodaboda. Mpangaji alipe mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, akitoroka mwenye nyumba ajue pa kwenda. Kwa hesabu ya chumba kile cha 30,000, malipo kwa mwenye nyumba yanashuka kutoka 180,000 hadi 60,000. Kiasi hicho kijana anaweza kukipata kwa kubeba tofali au kuvuna mahindi ya watu.

Shule zinazowategemea walimu wa kujitolea zina wajibu mkubwa zaidi. Kamati inayoweza kukusanya michango ya posho inaweza pia kuzungumza na mzazi mwenye chumba kitupu kijijini.

Wafipa wenyewe husimulia kwamba utawala wa ukoo wa Twa ulianzia kwa wanawake watatu wageni waliofika kutoka mbali hadi Milansi, makao ya watawala wa kale. Nchi hii ya juu imezoea tangu kale kupokea watu wasiofahamika, na wageni wa leo hawatafuti kiti cha mtu.

Halmashauri ya Nkasi iwaite wenye nyumba, madalali na wapangaji kwenye kikao kimoja kabla ya msimu wa kilimo kuanza, iandae mkataba wa mfano wa Kiswahili chepesi unaotaja kodi ya mwezi, amana, Luku na mdhamini, kisha nakala zake ziwekwe kwa kila mwenyekiti wa kitongoji. Nanyi wenye nyumba mnaosoma haya, chumba kikikaa kitupu miezi miwili kumsubiri mwenye 180,000, mmeshapoteza 60,000.