Kabla ya Kubomoa, Tuhesabu



Karibu na mji wetu wa Kasongo kuna mahali paitwapo Tongoni. Neno lenyewe lajieleza: tongo ni makao yaliyohamwa. Hapo ulikuwapo mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, uliotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Kuta zake kwa sehemu kubwa zilikuwa za udongo, na mvua imekwisha kuurudisha udongo huo ardhini.

Leo twajenga kwa tofali la kuchoma, saruji, bati na misumari. Vitu hivyo havirudi ardhini kwa msimu mmoja. Tunapobomoa, vinakwenda wapi?

Nilipokuwa mwalimu kijana nilishiriki kubomoa madarasa ya shule moja. Tulipiga nyundo tangu asubuhi, na kabla ya jua kuchwa kuta zote zilikuwa chini. Tulishangilia. Vifusi tukavitupa katika korongo lililo karibu. Mvua zilipoanza, maji yakazibwa, yakatafuta njia mpya katikati ya nyumba za watu. Nasi wakati huo tulikuwa tukikata kuni za kuchomea matofali mapya! Nyundo moja ilikuwa mkononi mwangu, na aibu ile ni yangu.

Tofali la kuchoma limekwisha kula mti wake. Kulivunja pasipo sababu ni kuukata mti wa pili. Na mfuko wa saruji unaofika Kabambare umepanda bei kwa kila kilima ulichovuka.

Basi tubomoe kwa utaratibu wa mjenzi, lakini kinyumenyume: kwanza mabati, kisha mbao, milango na madirisha, mwisho kuta, safu kwa safu kutoka juu. Tofali lililoungwa kwa udongo huachia kwa urahisi; lililoungwa kwa saruji kali mara nyingi huvunjika. Misumari hunyooshwa. Matofali mazima hurudi ukutani. Vipande hushindiliwa chini ya sakafu au katika mashimo ya njia.

Lakini si kila kitu ni cha kuokoa. Mkikuta juu ya jengo la zamani mabamba ya kijivu yenye mawimbi, yasiyo ya chuma, huenda ni ya asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Msiyavunje, msiyakate, wala msiyaezeke jikoni. Simamisheni kazi, mwiteni mwenye ujuzi.

Liko pia jambo la haki. Matofali yasiyohesabiwa huondoka usiku, nayo hayaendi kwa mjane. Kwa hiyo nasema: ukuta wa parokia au wa shule usiguswe kabla ya kuandikwa daftarini matofali, mabati na mbao zake, na daftari lisomwe mbele ya watu wote. Sehemu moja itengwe kwa wasio na nyumba. Katika Kabambare wapo waliorudi kutoka ukimbizini wakakuta majivu mahali pa mlango wao. Kwao matofali mia mbili ni mwanzo wa ukuta.

Mtaniambia kazi hiyo ni ya polepole. Ni kweli. Kuta zinazoanguka kwa siku moja hupendeza macho, hasa ya kijana. Lakini siku tulizookoa kwa nyundo tulizilipa msituni na penye tanuru, tena kwa jasho la watoto waliobeba kuni. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliikemea tabia ya kutumia na kutupa. Tusidhani ni tabia ya matajiri wa mbali tu. Hata sisi maskini twaweza kutupa kile ambacho kesho tutakikopea fedha.

Basi siku mtakapoitwa kwenye salongo ya kubomoa, kabla hamjainua nyundo, ulizeni: daftari liko wapi?