Vilele Vitano vya Shennongjia

Mwezi wa Aprili mwaka 1900 kijana mmoja Mwingereza, Ernest Wilson, aliyetumwa na wauza miche wa kwao, aliwasili katika wilaya ya Badong, magharibi ya mkoa wa Hubei nchini China, mkononi ana ramani iliyochorwa kwa kalamu, akiutafuta mti mmoja ambao tabibu na mjuzi wa mimea, Augustine Henry, alikuwa ameuona huko miaka kadhaa nyuma. Mti ambao majira ya maua yakifika huvaa vitambaa vyeupe viwili viwili, hata autazamaye kwa mbali hudhani kuwa kundi la njiwa limetua matawini. Alipofika mahali penyewe alikuta nyumba mpya ya mbao, na karibu na nyumba, kisiki. Mti ulikwisha kuwa nyumba.

Simlaumu mwenye nyumba yule, maana alitaka pa kulala, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kuwa mti wake ulikuwa ukitafutwa kutoka ng'ambo ya bahari. Wilson naye hakutoka mikono mitupu, kwani baada ya majuma machache alipata mingine ya jinsi ile ile. Lakini kisiki hicho hunijia akilini kila nisomapo habari za kiwanja cha ndege cha Shennongjia, ambacho wajenzi wake hawana udhuru wa mwenye nyumba.

Shennongjia ni nchi ya majabali inayopakana na Badong, na katika China nzima hakuna wilaya nyingine iitwayo kwa jina rasmi eneo la misitu. Jina lake lina maana ya ngazi ya Shennong, mfalme wa hadithi za kale asimuliwaye kuwa alionja mimea mmoja baada ya mmoja ili awajulishe watu upi dawa na upi sumu, akaunda ngazi ya kumfikisha kwenye magenge yaliyomshinda kuparamia. Kilele chake cha juu kinapita mita 3,100. Humo wamo kima wa manyoya ya dhahabu na uso wa buluu, jamaa wa mbali wa mbega wetu, ambao wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika kila kitu, huketi matawini wakichuma kwa vidole zile ndevu za kijivu ziotazo juu ya magome ya miti, na hizo huwa chakula chao kikubwa hata majani yachipue tena. Ndevu hizo hukua polepole mno na hupenda miti mizee. Basi aangushaye mti mzee amebomoa ghala.

Wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 1970, iliundwa kwa ajili ya shoka, kwa kuwa taifa lilihitaji mbao. Mwaka 2000 ukataji wa biashara ukakomeshwa, na baadhi ya wakata miti wakawa walinzi wa msitu ule ule waliokuwa wakiuangusha. Watu hao wana haki ya kula, na riziki waliyobakiwa nayo ni ya wageni. Kwa hiyo atakayeniambia kuwa mlima ule haukuwa na budi kufikika, nitakubaliana naye kabla hajamaliza.

Na mgeni aliyetarajiwa ni mtu wa Wuhan, mji mkuu wa mkoa, ulio barani, mbali na pwani, pale mto Han unapoingia Yangtze. Mji wa watu zaidi ya milioni 12, uhesabiwao tangu zamani miongoni mwa matanuri ya China kwa joto lake la kiangazi. Mtu anayelowa jasho usiku kucha mwezi wa Julai, akasikia kuwa katika mkoa wake mwenyewe kuna mahali ambapo watu hujifunika blanketi, hana kosa akitamani kwenda huko.

Mwezi wa Mei 2014 kiwanja kikafunguliwa, mita 2,580 juu ya usawa wa bahari, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima barabarani ikawa ya saa moja hivi angani. Habari za siku zile zilieleza, tena kwa fahari, kwamba ili ipatikane ardhi ya sawa kwa njia ya ndege vilikatwa vilele vya milima mitano na kujazwa mapango kwa mamia. Hapo ndipo ninapotofautiana na wajenzi. Mnamo Juni 2022, yaani miaka minane tu baadaye, treni ya mwendo kasi ilianza kusimama Yangri, katika bonde la Shennongjia hiyo hiyo, baada ya kupita sehemu kubwa ya milima ya Hubei ndani ya mahandaki. Sisemi kuwa handaki halina madhara, maana kifusi chake nacho lazima kitupwe mahali. Lakini mlima uliotobolewa chini bado una kichwa.

Huenda nikaambiwa kuwa mwaka 2014 reli ilikuwa bado ni ahadi, na kuwa Unesco iliuingiza msitu huo katika urithi wa dunia mwaka 2016, ndege zikiwa zimekwisha kuanza kutua. Yote mawili ni kweli. Lakini Unesco hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuitambua Shennongjia tangu mwaka 1990 kuwa hifadhi ya viumbe hai, na hao waliopima njia ya ndege walijua hayo, ilhali mwenye nyumba wa Badong hakujua neno.

Tena Wuhan haikungoja ndege ili ifungamane na mlima ule. Mvua inyeshayo juu ya mgongo wa Shennongjia, itakayoteremkia kaskazini huingia mto Han, na itakayoteremkia kusini huingia Yangtze, na maji hayo yaliyoachana juu huonana tena katikati ya Wuhan, ukiondoa yale yachotwayo njiani kupelekwa Beijing.

Rai yangu basi ni kwamba kiwanja kilichokwisha jengwa kibaki kama kilivyo, kiwafae wagonjwa mahututi na wazima moto wa msituni, kisiongezwe hata pima moja, na watu wa Wuhan wanaokimbia joto washukie Yangri, kisha wapande mlima kwa basi, madirisha wazi.