Mama alitaka kugeuka nyuma

Wiki hii hatuongelei siasa wala mapenzi, tunaongelea gemu. Usikimbie, kuna mama humu ndani.

Baridi hii yote, nikitoka kazini nashuka Hässelby strand, mwisho kabisa wa laini ya kijani, naenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Najenga levo yangu ya kwanza kwa Hammer, programu ambayo Valve waliitumia kujenga Half-Life 2 ya 2004. Levo yenyewe ni stendi ya mabasi Tanga, siku mama alipoanza safari ya kuja Uswidi.

Nilitaka iwe kama sinema. Mlangoni mwa basi nikaweka kisanduku kisichoonekana, trigger_once: mchezaji akikigusa, mambo yanaanza yenyewe, mara moja tu. Halafu kamera, point_viewcontrol, inayochukua macho yake na kuyapitisha kwenye njia niliyoipanga: ndani ya basi, kioo cha mbele, barabara ya Dar. Mchezaji mwenyewe nikamgandisha, asije akazurura akaniharibia. Nje nikamweka bibi, na scripted_sequence inayomwambia asimame wapi na apunge mkono lini. Kanga sijaweza kumvisha bado. Sekunde 40. Nikajiona Spielberg!

Jumamosi mama akaja na maandazi. Nikamkalisha, nikamwonyesha vitufe. Akatembea taratibu, akaingia kwenye basi, kamera ikaanza. Mara namwona anavuta kipanya kushoto, kushoto, mpaka kikafika ukingo wa meza.

"Mbona haigeuki?"

"Hapa hufanyi kitu, mama. Tazama tu."

"Mama yangu yuko nyuma pale. Nataka kumwona."

Nikamwambia haiwezekani. Akaachia kipanya.

"Siku ile niliogopa kugeuka, nisije nikalia mbele za watu. Basi likaondoka. Sikumwona tena, mwanangu."

Hadithi ya safari ile nimeisikia tangu mdogo, yaani naijua mpaka bei ya soda njiani. Hilo sikulijua. Nilimpangia kila kitu bila kumuuliza alitazama wapi.

Half-Life ya kwanza, ya 1998, inaanza na safari ya kitreni. Njia imepangwa, huwezi kuibadilisha, lakini ndani ya behewa unatembea na kutazama unapotaka. Kilichoandikiwa skripti ni dunia, shingo ni yako.

Basi nikafuta kamera. Basi la Tanga nikalifanya func_tracktrain, linafuata pointi nilizozipanga huku mchezaji amesimama ndani, yuko huru. Bibi bado anafuata skripti: anatembea hatua chache, anasimama, anapunga. Ila ukitaka kumwona, ugeuke mwenyewe.

Kwa hiyo ukijenga ya kwenu, kamera ya kumshika mtu itumie kidogo, sekunde chache, pale ambapo lazima aone kitu. Na kabla hujapanga chochote, muulize mwenye safari.

Jumapili iliyofuata mama akacheza tena. Akapanda basi, akatazama mbele tu, mpaka stendi ikapotea. Hakugeuka kabisa. Nikanyamaza.

Akakaa kidogo, kisha akasema, "Anzisha upya."

Tukutane kipindi kijacho.