Mpaka wa hifadhi ni mgumu kwa nani?

Kitanzi cha waya ni kitu kidogo, chaingia mfukoni. Lakini anayekamatwa nacho ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, kaskazini magharibi mwa Uganda, anajua kinachofuata: askari wa wanyamapori, mahakama, gereza. Kusema alikuwa akitafuta kitoweo hakumwokoi.

Mitambo ya kuchimba mafuta nayo imo humo humo, kwa kibali.

Mradi wa Tilenga unaongozwa na TotalEnergies ya Ufaransa, ikishirikiana na CNOOC ya China na kampuni ya mafuta ya taifa la Uganda. Umepangiwa visima zaidi ya 400 katika vituo 31, na vituo 10 kati ya hivyo viko hifadhini. Pale Paraa, magari yalipokuwa yakipanga foleni kusubiri pantoni ya kuvuka Nile, leo kuna daraja na lami. Mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la kuyapeleka Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe moto kilomita zote 1,443.

Watetezi wa mradi hawakosi hoja. Kampuni inasema itatumia eneo lisilofika asilimia 0.05 ya hifadhi. Na Bunge la Ulaya lilipoupinga mradi kwa azimio Septemba 2022, viongozi wa Kampala walikuwa na haki ya kuhoji: Ulaya iliyotajirika kwa makaa na mafuta inamfunza nani?

Tatizo ni kwamba ugomvi huo na wageni umelifunika swali la nyumbani. Mpaka ukilegezwa kwa manufaa ya taifa, taifa lina haki ya kuona hesabu. Mikataba ya mgawanyo wa mafuta imekuwa siri kwa miaka. Kinachojulikana ni kwamba vijiji vinavyopakana na hifadhi hupata asilimia 20 ya viingilio vya watalii, ilhali sheria ya fedha ya 2015 inazitengea serikali za maeneo ya mafuta asilimia 6 tu ya mrabaha.

Wakati huo huo wakulima wa Buliisa na Nwoya wanalalamika kwamba tembo wanazidi kutoka hifadhini, wakikimbia kelele. Sheria ya wanyamapori ya 2019 inatambua fidia. Basi mikataba ichapishwe, na anayekesha akigonga sufuria kufukuza tembo alipwe muhogo wake msimu huo huo ulipoliwa.