Shina la mgomba lisitupwe, binti wa Silanga analihitaji

Ukifika Silanga, kijiji cha Kibera kilicho kando ya bwawa la Nairobi, hutakosa kumwona mama akiuza ndizi za Kisii au za Meru. Huenda bintiye yumo nyumbani na leo hakwenda shule. Si mgonjwa. Yuko katika siku zake, na pesa za sodo hazipo.

Je, wajua kwamba sehemu ya suluhisho imeachwa ikioza kule ndizi hizo zilikotoka?

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Ndani ya shina lake mna nyuzi ambazo, zikisafishwa, zikakaushwa na kusagwa, hunyonya maji vizuri. Nchini Rwanda, shirika la SHE lilionyesha njia kwa kununua nyuzi hizo kutoka kwa wakulima na kuzitengenezea sodo. Huko Uganda, Dkt Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni sodo za MakaPads kutokana na mafunjo na karatasi kuukuu. Sisi twangoja nini?

Utaniambia kwamba serikali iliondoa ushuru wa sodo mwaka wa 2004, na kwamba sheria ya 2017 yataka wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo. Ni kweli. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sodo za bure zikichelewa, msichana hurudia matambara na vipande vya godoro. Vitu hivyo vikiwa vichafu au vibichi huleta mwasho na hata maambukizi.

Sisemi kila mtu ajisagie mgomba nyumbani. Hasha! Nyuzi zisipokauka sawasawa huota ukungu. Kazi hii yahitaji mashine, maji safi na ukaguzi wa shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Basi kaunti za Kisii na Meru zijenge vituo vya kutoa nyuzi, na vikundi vya akina mama wa Kibera visaidiwe kutengeneza sodo papa hapa. Mkulima atapata pesa, mama atapata kazi, na binti atabaki darasani.

Nawe msomaji, usione haya. Hedhi si ugonjwa. Diwani wako akija kuomba kura, muulize atafanya nini kuhusu jambo hili.