Ayurveda: Elimu ya Kuishi au Chupa ya Dawa?

Neno Ayurveda limezoeleka masikioni mwa wengi kupitia matangazo ya mafuta, vidonge na unga wa mitishamba. Aghalabu mnunuzi huahidiwa nguvu na siha katika chupa moja. Hapana shaka dhana hiyo ni finyu. Katika Kisanskriti, lugha ya maandishi ya kale ya taaluma hii, "ayus" ni maisha na "veda" ni elimu. Ayurveda basi ni elimu ya kuishi kabla ya kuwa dawa, na anayeinunua kama dawa tu amechukua ganda na kuacha kiini.

Matabibu wa kale wa Bara Hindi, ambao mafunzo yao yamehifadhiwa katika Charaka Samhita na Sushruta Samhita, waliuona mwili kama mizani inayoshikiliwa na nguvu tatu. "Vata", ya anga na hewa, husimamia mwendo. "Pitta", ya moto na maji, husimamia joto na usagaji wa chakula. "Kapha", ya maji na ardhi, huupa mwili uthabiti. Afya ni ulinganifu wa nguvu hizo. Fauka ya hayo, Sushruta Samhita huweka sharti kwamba nafsi, hisi na akili ziwe na utulivu.

Hoja nzito zaidi inahusu hisi, yaani milango ya fahamu. Charaka Samhita hutaja vyanzo vitatu vya maradhi: matumizi mabaya ya hisi, kosa la akili, na mapito ya wakati na majira. Hisi hudhurika zikitumiwa kupita kiasi, zisipotumiwa ipasavyo, au zikielekezwa kwa lisilofaa. Kosa la akili ni la mtu ajuaye lenye madhara na bado akalitenda. Je, nani atadai kuwa mafunzo haya yamepitwa na wakati? Mwanafunzi anayekesha mbele ya mwanga wa simu, ilhali anajua ana mhadhara asubuhi, huwa ametenda makosa mawili kati ya hayo kabla jua halijachomoza. Hakuna chupa itakayomrudishia usingizi. Usingizi, chakula na kujitawala ndizo nguzo tatu za uhai katika elimu hii.

Kiswahili si kigeni katika fikra za namna hii. Maneno "balghamu", "safura" na "mizaji" yaliingia lughani kutoka Kiarabu, yakiwa masalio ya utabibu wenye asili ya Kiyunani ambao nao ulipima afya kwa ulinganifu wa majimaji ya mwilini. Hata ladha sita za Ayurveda zina majina yake: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Hata hivyo, mfasiri sharti awe macho. Neno "dosha", linalozitaja zile nguvu tatu, kwa asili lina maana ya kasoro. Akilitafsiri hivyo kila mahali, atazigeuza nguzo za mwili wenye afya kuwa ugonjwa.

Sifa hizi zisiwe pazia la kufichia hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston, Marekani. 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Asilia si kisawe cha salama. Wapo wanaoshikilia kwamba elimu inayomtazama mtu mzima haiwezi kupimwa kwa vyombo vya maabara. Hoja hiyo haina mashiko. Elimu inayohesabu kosa la akili kuwa chanzo cha maradhi haiwezi kumtaka mgonjwa aiweke akili kando anapofungua chupa. Nidhamu ya chakula, usingizi na hisi na ienziwe. Dawa na ipimwe kwanza, ndipo inywewe.