Uzoefu si glovu: somo kutoka kwa wapiga mbizi wa mapangoni

Leo naomba nianzie mbali na shamba, chini ya maji, kisha tutarudi nyumbani. Swali langu ni moja: mtu aliyebobea katika kazi ya hatari, je, hufuata kanuni za usalama anazowafundisha wengine?

Kuna watu wanaopiga mbizi ndani ya mapango yaliyojaa maji. Hawa si kama wavuvi wetu wa kuzama na kuibuka kwa pumzi moja. Hubeba mitungi ya gesi na kuingia gizani mamia ya mita. Ukipata tatizo humo huwezi kupanda juu moja kwa moja, kwa sababu juu yako kuna mwamba. Huko Florida, Marekani, mapango hayo ni mengi na yameua watu wengi. Kwenye milango ya baadhi yake limewekwa bango chini ya maji, lina picha ya mauti, linamwamuru mpiga mbizi asimame. Bango hilo linasema zaidi ya watu 300 wamekufa katika mapango kama hayo, wakiwamo wakufunzi wa kupiga mbizi. Soma tena hapo: wakufunzi.

Mmoja wa waliopambana na vifo hivyo alikuwa Sheck Exley, mwalimu wa hesabu huko Florida. Mwaka 1979 alitoa kijitabu cha mafunzo. Alichukua ajali zilizokwisha kutokea, akauliza kwa kila moja: huyu alikufa kwa kukosa nini? Kwa uchambuzi wa namna hiyo zilipatikana kanuni tano ambazo wapiga mbizi wa mapangoni hufundishwa hadi leo:

1. Usiingie bila mafunzo ya mapango. Cheti cha kupiga mbizi baharini hakitoshi.
2. Uwe na kamba isiyokatika, kutoka ulipo hadi nje ya pango.
3. Gawa gesi yako mara tatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya akiba.
4. Usipite kina ambacho mafunzo yako na gesi yako vinaruhusu.
5. Kila mtu abebe taa tatu.

Kila kanuni hapo iliandikwa baada ya mazishi.

Sasa, je, wakongwe wanazifuata? Wengi wanazifuata, ndiyo maana wako hai. Lakini ajali za watu waliosoma zinapochunguzwa, mara nyingi hukutwa kanuni moja au zaidi imevunjwa na mtu aliyeijua vizuri. Kwa maoni yangu sababu si ujinga, ni mazoea. Mgeni anaogopa, kwa hiyo anakagua. Mkongwe aliwahi kuruka hatua moja na hakikutokea kitu. Akairuka tena, salama. Mara ya kumi haoni tena kwamba ni kosa, anaona ndio utaratibu wake.

Tena kwa mkongwe, badiliko dogo linatosha. Januari 2005, katika pango la Boesmansgat huko Afrika Kusini, David Shaw, rubani wa ndege kutoka Australia, alishuka kama mita 270 kwenda kuutoa mwili wa kijana aliyefia humo miaka kumi kabla. Siku hiyo alivaa kofia yenye kamera. Kwa sababu ya kofia hiyo hakuweza kuuzungusha waya wa taa yake nyuma ya shingo kama alivyozoea, akaiweka taa kando. Waya ukanasa kwenye kamba. Akahangaika kujinasua, akahema kwa nguvu, hewa chafu tunayoitoa kwa pumzi ikamlemea, akafa. Alikuwa hodari, ila mikono yake ilikuwa imezoea mpangilio mwingine.

Nisiwaonee watu hawa. Exley mwenyewe alifariki Aprili 1994 katika shimo la maji la Zacatón, Mexico, akitafuta kina ambacho karibu hakuna aliyewahi kukifikia. Chanzo hakikuthibitishwa, na siwezi kumwita mzembe mtu aliyeokoa wengi. Ninachojifunza ni kwamba ukienda mbali kuliko kanuni zilikopimwa, unabaki na uzoefu peke yake, na uzoefu haupumuliki.

Turudi nyumbani. Nimewafundisha wengi wenu kupulizia dawa: glovu, buti, barakoa, nguo ya mikono mirefu, soma kibandiko, angalia upepo. Msimu uliopita, kwenye shamba darasa la nyanya, nozeli iliziba. Jua lilikuwa kali, nimechoka, na glovu nilikuwa nimeshazivua. Niliifungua kwa mikono mitupu, nikaipuliza kwa mdomo, nikaendelea na somo. Hakuna aliyesema kitu.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja wa kikundi kile alipelekwa zahanati akitapika, jasho linamtoka, macho hayaoni vizuri. Alikuwa amepuliza nozeli kwa mdomo. Namshukuru Mungu alipona. Nilipokwenda kumjulia hali nikaanza kumuuliza kwa nini alifanya vile, akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mwalimu. Si ndivyo ulivyotuonyesha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia saa mbili kufundisha kwa maneno, na dakika moja kufundisha kwa vitendo. Kijana alishika lile la dakika moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usinipime mimi wala mkulima yeyote mkongwe kwa miaka ya kazi. Tupime kwa tunachofanya leo asubuhi kabla ya kubeba bomba. Dawa haijui kwamba una diploma. Haijui kwamba umelima nyanya miaka ishirini.

Na wewe mfanyabiashara wa nafaka, usijione uko pembeni. Vidonge vya kufukizia mahindi hutoa gesi inayoua. Najua wapo wanaofukizia gunia ndani ya chumba wanacholala watoto, na wanasema "mbona kila mwaka tunafanya hivi". Huyo ni sawa na mpiga mbizi aliyeingia pangoni na theluthi moja ya gesi na kutoka salama. Salama ya jana haikupi uhakika wa leo. Usifukizie nyumba wanamolala watu, hata usiku mmoja.

Kuna kanuni moja zaidi ya wapiga mbizi wa mapangoni ninayoipenda kuliko zote. Mtu yeyote katika kundi, hata aliye mgeni kabisa, anaweza kusitisha safari wakati wowote, kwa sababu yoyote. Akitoa ishara, wote wanageuka na kutoka. Hakuna kuulizwa kwa nini, hakuna kuchekwa.

Hiyo naiomba kwenye mashamba yetu. Kabla ya kupulizia, soma kibandiko kwa sauti mbele ya mwenzako, mkague pamoja: glovu, buti, barakoa, bomba halivuji, mswaki laini wa kuzibulia nozeli upo, maji na sabuni vipo. Na mwenzako huyo, awe mke, mume, kijana wa kibarua au mtoto wako mkubwa, awe na ruhusa ya kusema "simama". Akisema, weka bomba chini kwanza.

Najua kwetu si rahisi kijana kumwambia mzee "simama", wala mkulima kumwambia afisa. Ndiyo maana mkubwa ndiye anayepaswa kutoa ruhusa hiyo mapema, kwa mdomo wake, kabla kazi haijaanza.

Nami naanza. Kwenye shamba darasa lijalo, ukiniona sina glovu, niambie. Hata ukiwa umejiunga na kikundi jana. Nitaweka bomba chini, na nitakushukuru mbele ya watu wote.

Kazi njema, tukutane shambani.